JIWE, MSITU NA MTU: Historia ya Viumbe wa Visiwa vya Unguja na Pemba

Tusemapo utamaduni wa taifa, aghalabu mawazo yetu huelekea kwenye ngoma, mashairi, mavazi, nakshi za milango na desturi za arusi na matanga. Ni nadra kwetu kufikiri kwamba mti unaoota juu ya jiwe, paa anayejificha kichakani au popo anayening'inia mvuleni ni sehemu ya utamaduni huo. Hata hivyo, ukitazama kwa makini maisha ya watu wa Unguja na Pemba, utaona kwamba chakula chao, nyumba zao, kamba zao, dawa zao na hata hofu zao zimetokana na viumbe wanaoishi nao. Aidha, viumbe hao nao wameishi au wameangamia kwa kadiri ya yale ambayo watu waliyaamini na kuyatenda. Katika insha hii tutajaribu kuonyesha jambo hilo kwa kufuata historia ya wanyama watatu, yaani chui, kima punju na popo. Lakini kabla ya kuwafikia hao, hatuna budi kwanza kuieleza ardhi yenyewe.

Kisiwa kilichojengwa na viumbe

Tumbawe si jiwe la kawaida. Ni nyumba ya chokaa iliyojengwa baharini na viumbe wadogo sana, ambao kila mmoja wao huongeza sehemu yake juu ya kazi ya wale waliomtangulia. Kwa muda wa maelfu na maelfu ya miaka matumbawe hayo hugeuka kuwa mwamba; na bahari inapopungua, mwamba huo hubaki nchi kavu. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja, kuanzia Nungwi na Matemwe, kupitia Chwaka na Jambiani, hadi Makunduchi na Kizimkazi, ni mwamba wa namna hiyo. Wenyeji huita nchi hiyo uwanda au maweni. Udongo wake ni haba, umejikusanya katika vishimo na nyufa za mawe, na maji ya mvua hayakai juu bali huzama mara moja mpaka mapangoni. Magharibi na katikati ya kisiwa, kinyume chake, udongo ni mzito na wenye rutuba. Tofauti hii kati ya uwanda na nchi ya udongo ndiyo ufunguo wa historia yote tutakayoieleza.

Jambo la pili ni tofauti baina ya visiwa vyenyewe. Mlango wa bahari unaotenga Unguja na bara hauna kina kirefu. Wakati wa zama za barafu, maji ya dunia yalipokuwa yameganda kwa wingi, bahari ilikuwa chini, na Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Ilitengwa na kuwa kisiwa yapata miaka 10,000 iliyopita. Pemba, kwa upande wake, imezungukwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na imekuwa kisiwa kwa muda mrefu zaidi, yaani mamilioni ya miaka. Ndiyo maana wanyama wa Unguja ni ndugu wa karibu wa wanyama wa bara, hali Pemba ina viumbe wachache zaidi wa asili ya bara, lakini ina baadhi ambao hawapatikani penginepo duniani. Miongoni mwao wamo njiwa wa kijani wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, na mti wa mpapindi, ambao jamaa zake wengi wako Bukini.

Ushahidi wa pango

Karibu na kijiji cha Jambiani liko pango liitwalo Kuumbi. Kwa wenyeji, pango hilo ni mahali pa mzimu ambapo watu huomba shida zao. Kwa wataalamu wa mambo ya kale, pango hilo ni kama kitabu. Walipochimba humo katika karne hii ya 21, walikuta zana za mawe pamoja na mifupa ya punda milia na nyati, iliyoachwa na wawindaji walioishi hapo zaidi ya miaka 17,000 iliyopita, wakati Unguja ilipokuwa bado imeungana na bara.

Leo hakuna punda milia wala nyati wa mwituni Unguja. Bahari ilipoizunguka nchi, malisho yalipungua, na wanyama wakubwa waliobaki hawakuweza kukimbilia popote. Wakatoweka. Waliosalimika ni wale walioweza kuishi kwa kidogo: paa, kima, komba, fungo na pimbi, pamoja na mnyama mmoja mkubwa aliyekuwa akiwala, yaani chui. Somo la kwanza la pango la Kuumbi ni hili: kisiwani, kiumbe akipotea harudi. Bara mnyama huweza kutoka bonde moja akaingia bonde jingine. Kisiwani mpaka ni bahari.

Mkarafuu na uwanda

Watu walipojenga miji na vijiji vyao katika visiwa hivi, jiwe la tumbawe liliwapa nyumba. Lilichongwa, likajengewa misikiti, kama ule wa Kizimkazi wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na mwaka 1107. Lilichomwa kwa kuni nyingi tanuuni, likawa chokaa. Mikoko ilitoa boriti za kubebea dari, na kwa kuwa boriti hazirefuki kupita kiasi, vyumba vya nyumba za mawe vilikuwa vyembamba. Hivyo upana wa chumba cha tajiri wa mjini uliamuliwa na urefu wa mti wa pwani. Mnazi nao ulitoa tui, mafuta, makuti na makumbi. Wanawake wa vijiji vya pwani walifukia makumbi matopeni yakaoza, wakayaponda na kusokota kamba.

Lakini mabadiliko makubwa kuliko yote yaliletwa na mti wa kigeni. Mwanzoni mwa karne ya 19, mkarafuu uliletwa Unguja kutoka visiwa vya Mascarene vilivyotawaliwa na Wafaransa. Seyyid Said bin Sultan alihimiza upandwe kwa wingi, na baada ya miaka michache misitu mikubwa ya nchi ya udongo, magharibi na katikati ya Unguja, ilifyekwa ili kutoa nafasi ya mashamba. Kazi hiyo ya kufyeka, kupanda na kuchuma ilifanywa hasa na watumwa waliotolewa bara kwa nguvu. Mwezi Aprili 1872 tufani kali iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mkulima mkuu wa karafuu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukapigwa marufuku mwaka 1897.

Wanahistoria wengi wameeleza jinsi ukabaila wa mashamba ulivyowasukuma wenyeji kutoka nchi ya rutuba. Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba wanyama nao walisukumwa pamoja nao. Msitu wa udongo mzito ulipokwisha, kima, paa na chui walibaki uwandani, katika vichaka vilivyoota juu ya mawe, mahali ambapo mkarafuu haukubali. Huko walikutana na mkulima wa uwanda, ambaye hufyeka kichaka, akachoma moto, akapanda muhogo, mtama na kunde katika vishimo vya udongo, kisha akauacha uwanda upumzike mpaka vichaka viote tena. Jiwe lililomnyima mkulima mavuno makubwa ndilo lililokuwa ngome ya viumbe hawa. Lakini ngome hiyo ilimweka mtu na mnyama bega kwa bega, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa.

Majina mawili

Kabla hatujaendelea, yafaa tuseme neno juu ya majina. Katika vitabu vya wataalamu, kima wa Unguja mwenye mgongo mwekundu ana jina la John Kirk, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa konsuli Unguja. Alipewa jina hilo mwaka 1868. Paa mdogo mwekundu wa uwandani, pamoja na chui wa Unguja, wana jina la Aders, mtaalamu aliyefanya kazi katika serikali ya kikoloni. Paa mwaka 1918 na chui mwaka 1932. Popo wa Pemba ana jina la Mjerumani Voeltzkow. Ukisoma majina hayo peke yake, unaweza kudhani kwamba viumbe hao hawakujulikana na mtu yeyote mpaka wageni walipofika.

Ukweli ni kwamba wenyeji waliwajua zamani sana, tena kwa tabia zao. Paa yule mwekundu anaitwa paa nunga, na wasasi humtofautisha na chesi na paa wa kawaida kwa ukubwa wake, rangi yake na mahali anapopenda kulala. Kima yule anaitwa kima punju, yaani kima wa sumu, jina linalobeba imani nzima ndani yake. Hatusemi kwamba majina ya wataalamu hayafai, maana yana kazi yake. Tunasema kwamba jina la mwenyeji ni hati ya historia, na hati hiyo hueleza mambo ambayo jina la konsuli haliwezi kueleza.

Chui wa Unguja

Chui wa Unguja alikuwa tofauti kidogo na wenzake wa bara. Madoadoa yake yalikuwa madogo na yaliyokatikakatika. Watu walimwogopa kwa sababu ya dhahiri: aliua mbuzi na kuku, na mara nyingine alidhuru watu. Lakini ilikuwako hofu ya pili iliyokuwa kubwa kuliko ya kwanza. Iliaminiwa vijijini kwamba si chui wote waliokuwa wa mwituni. Wengine, ilisemwa, walikuwa chui wa kufugwa, mali ya wachawi, ambao waliwalisha kwa siri na kuwatuma usiku kuwadhuru jirani zao. Kwa hiyo chui alipoonekana karibu na nyumba, swali halikuwa tu, “Mnyama huyu ametoka wapi?” bali pia, “Ametumwa na nani?”

Imani hiyo ilikuwa na mizizi katika mabadiliko tuliyokwisha kuyaeleza. Kadiri vichaka vilivyozidi kufyekwa na paa kuwindwa kwa nyavu na mbwa, ndivyo chui alivyozidi kukosa chakula na kusogelea mabanda ya mbuzi. Kukaribia kwake kukaonekana kuwa ni ushahidi wa uchawi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ilianzishwa kampeni ya kuwaangamiza chui na papo hapo kuukomesha uchawi. Kiongozi wake mashuhuri alikuwa fundi aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, ambaye alizunguka vijijini akiwafichua waliotuhumiwa na kuwaongoza wasasi. Chui wengi waliuawa. Wengi wa wananchi walioshiriki katika kazi hiyo waliamini kwa dhati kwamba wanawaokoa jamaa zao, na haitupasi kuwacheka. Hata hivyo, hatuwezi kuficha matokeo yake.

Katika miaka ya 1990 wataalamu walioutafuta mnyama huyu hawakupata uthibitisho wa kutosha kwamba yupo hai. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba kamera iliyofichwa msituni imenasa picha za mnyama aliye kama chui, na wako wazee waliosema kwamba hawakushangaa. Lakini tangazo hilo halikutosha kuthibitisha kwamba chui wangali wanaishi na kuzaana. Tulichobakiwa nacho kwa yakini ni ngozi chache zilizohifadhiwa katika makumbusho na masimulizi ya waliomwona. Majuto ni mjukuu. Kijana wa leo wa Unguja anaweza kusimuliwa kisa cha chui wa kufugwa bila ya kuwa na njia ya kumwona chui wa mwituni, na kisa kimedumu kuliko mnyama.

Kima punju

Kima punju naye alikuwa na sifa mbaya. Ilisemwa kwamba ana harufu ya sumu, na kwamba miti anayokula hunyauka. Wakulima waliomwona akitafuna nazi changa walikata shauri kwamba ni mwizi. Kilichomwokoa kwa muda mrefu ni sifa hiyohiyo, maana watu wengi hawakutaka kumla mnyama wa sumu. Msitu wa Jozani, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1960, ukawa makao yake makuu.

Wataalamu walipoanza kumchunguza kwa makini, waliona mambo ya ajabu. Kima hawa hula majani ya mwembe na mkungu, ambayo yana vitu vinavyozuia mmeng'enyo wa chakula. Kisha huenda wakaokota makaa katika matanuri ya zamani na visiki vilivyoungua, wakayatafuna. Makaa hayo hufyonza vitu hivyo vyenye madhara. Kumbe yule aliyeitwa kima wa sumu alikuwa amejifunza dawa ya sumu. Zaidi ya hayo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba minazi iliyotembelewa na kima haikupunguza mavuno, kwani kuliwa kwa baadhi ya nazi changa ni kama kupunguza matunda ili yaliyosalia yakue vizuri.

Maarifa hayo yasingetosha kama yangebaki vitabuni. Wanakijiji wa kando ya Jozani walianza kupata sehemu ya mapato ya wageni wanaokuja kuwatazama kima, na wakulima kupewa fidia. Barabarani, ambako magari yaliwagonga kima mara kwa mara, yaliwekwa matuta, na vifo vikapungua. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka zilifanywa Hifadhi ya Taifa. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilionyesha kwamba kima punju wamefikia karibu 6,000, zaidi ya ilivyodhaniwa hapo awali, ijapokuwa baadhi yao wanaishi nje ya hifadhi, na watoto wao wengi hufa.

Paa nunga hakupata bahati hiyo. Mwaka 1983 ilikadiriwa kwamba Unguja ina paa nunga wapatao 5,000. Mwaka 1999 walikuwa wamepungua hata hawakufika 1,000. Yeye hakuwa na jina la sumu la kumlinda. Nyama yake ni tamu, na chovya chovya humaliza buyu la asali.

Popo wa Pemba

Tuvuke sasa mkondo twende Pemba. Popo wa huko ni mkubwa, mwenye manyoya ya rangi ya kutu, na mabawa yake yakinyooshwa hupita urefu wa mtoto wa shule. Jamaa zake wako Komoro, Bukini, Shelisheli na Asia, wala hawako katika bara la Afrika. Kwa hiyo popo huyu, kama jahazi la zamani, ni ushahidi wa mawasiliano ya Bahari ya Hindi, ingawa safari ya wazee wake ilitangulia jahazi lolote.

Popo hawa waliwindwa kwa ajili ya nyama, na bunduki zilipoenea, uwindaji ulikuwa wa maangamizi. Misitu nayo ilipungua. Mwaka 1989 waliofika Pemba kuwachunguza waliwaona wachache mno, ikadhaniwa kwamba watatoweka. Lakini baadhi yao walikuwa wamejihifadhi katika miti mikubwa ya makaburini na ya mizimu, mahali ambapo watu huona haya kukata mti au kupiga kelele. Heshima kwa wafu iliwalinda walio hai.

Katika miaka ya 1990 vijiji kadhaa viliunda vikundi vya kuwalinda popo. Walimu na wanafunzi walifundishana kwamba popo hueneza mbegu za miti na kusaidia maua kuzaa. Kijiji cha Kidike kikawa mfano, ambako wageni hulipa kiingilio ili wawaone. Baada ya takriban miaka 20 popo walikuwa wamezidi 20,000. Ni machache duniani mambo ya namna hii, kwamba kiumbe aliyekuwa ukingoni mwa kaburi arudishwe na watu walewale waliokuwa wakimwinda.

Msala baharini

Magharibi ya Pemba kiko kisiwa kidogo kiitwacho Misali. Wavuvi husimulia kwamba Nabii Hadhara alipofika hapo hakuwa na msala wa kusalia. Akakitandika kisiwa chenyewe, kwa kuwa kimeelekea kibla, na ndipo kilipopata jina lake. Mwaka 1998 Misali ilipotangazwa kuwa eneo la hifadhi, masheikh walishirikishwa ili kuwaeleza wavuvi kwamba kuvua kwa baruti na kuvunja matumbawe ni kuharibu amana ya Mwenyezi Mungu. Hoja hiyo iliwagusa watu kuliko amri iliyoletwa kwa karatasi tu.

Lakini liko tishio ambalo kijiji kimoja hakiwezi kulikabili peke yake. Mwaka 1998 huohuo, na tena mwaka 2016, bahari ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi yakapauka na kufa. Wanawake wa Paje na Jambiani, walioanza kulima mwani mwishoni mwa miaka ya 1980, nao wameona aina ya mwani yenye bei kubwa ikioza kwa joto. Viumbe waliokijenga kisiwa hiki wanaweza kushindwa kuendelea na kazi yao, na tumbawe likifa, ufuo hubaki bila ngome.

Wajibu wetu

Tumewaona wanyama watatu. Chui aliuawa kwa hofu, kima akaokolewa kwa kuchunguzwa, na popo akarudishwa kwa ushirikiano. Wote watatu walikuwa na sifa mbaya au waliwindwa, na wote waliishi kati ya watu wenye imani na mila. Kwa hiyo si kweli kwamba mila ni adui wa viumbe, wala si kweli kwamba kila mila huwalinda. Mila iliyomweka chui katika kundi la wachawi iliangamiza. Mila iliyoheshimu miti ya makaburini iliokoa. Kazi ya elimu ni kuzichambua mila hizo, kuzitia nguvu zile zinazojenga na kuzieleza kwa haki zile zilizobomoa.

Basi twawaomba walimu wawatoe wanafunzi nje ya darasa, waende kwa wasasi wa zamani, kwa wavuvi na kwa wasokota kamba, wawaulize majina ya miti, ya ndege na ya samaki, na sababu za majina hayo, kisha wayaandike. Wazee wanaoyajua wanapungua kila mwaka. Jina likipotea, huenda aliyeitwa kwa jina hilo naye akapotea bila ya mtu kujua kwamba alikuwapo. Pango la Kuumbi lilituhifadhia mifupa ya punda milia ambaye hatuna jina alilopewa na wawindaji wake. Tusikubali paa nunga naye afikie hali hiyo, angali anaishi uwandani na jina lake lingali midomoni mwetu.